Rambo ni kosa Tunduma, ukivuka tu Nakonde si kosa: huu ushirikiano wa kibiashara unaanzia wapi?

Mzee wa Manifesti

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni wakala wa forodha hapa Tunduma, wa kawaida tu, ofisi yangu ni meza moja na birika la chai. Nipo mpakani tangu enzi za kumaliza makaratasi upande wetu kisha unavuka kwenda kuyaanza upya Nakonde. Siku hizi tuna kituo cha pamoja, kilizinduliwa Oktoba 2019. Foleni ya malori ina nyuzi zake humu, siigusi. Leo nimekuja na rambo, mifuko ya plastiki ya kubebea.

Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mama mwenye duka Mwanjelwa, aliingiza marobota ya mifuko mbadala, ile ya kitambaa laini inayouzwa badala ya rambo. Kiwango cha nchi kinataka uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Muuzaji wa huko ng'ambo kamwandikia kwenye karatasi: 70. Ikapimwa hapa, haikufika. Mzigo ukalala, mama naye kalala nyumba ya wageni siku tatu kwa gharama zake. Siku ya tatu tumekaa nje tunasubiri majibu, ikapita bodaboda imebeba kiroba kimefungwa kamba, kimechanika pembeni, vifuko vya bluu vinachungulia. Rambo. Kijana akakata kichochoroni bila haraka, kama anapeleka majani ya ng'ombe. Yule mama akanitazama, akasema, "Kumbe mjinga ni mimi niliyekuja na makaratasi." Sikuwa na jibu.

Nikarudi mezani nikaanza kuchimba.

Kwetu, tangu tarehe 1 Juni 2019, mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa ni marufuku, uwe mwembamba uwe mnene. Ukikutwa nao mkononi faini ni sh 30,000 hadi 200,000, au siku zisizozidi saba ndani. Ukiuingiza nchini ni sh milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Zambia, kwa kanuni zao za 2018, wamekataza ulio chini ya maikroni 30 (maikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu). Malawi, kwa kanuni za 2015, wamekataza ulio chini ya maikroni 60, na hiyo ilikaa mahakamani miaka, viwanda vinapinga, hadi 2019 mahakama yao ya juu ilipomaliza ubishi.

Chukua sasa mfuko mmoja wenye maikroni 40. Nakonde ni bidhaa. Ukivuka nao barabara ni kosa la jinai. Ukizunguka nao mpaka Kasumulu ukavuka daraja la Mto Songwe, kwa Wamalawi nako ni kosa. Nchi zote tatu ni SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na safari yote hiyo unaimaliza kwa siku moja na nauli ya Kosta.

Njoo kwenye kazi yangu. Kitabu cha ushuru wa forodha kinatumia namba zilezile dunia nzima, angalau tarakimu sita za mwanzo. Mifuko ya polithini ni 3923.21. Namba hiyo haijui maikroni. Haijui kama mfuko ni wa kubebea nyanya, wa kulazia mbegu au wa takataka za hospitali. Plastiki mpya na iliyorejelezwa, kwake ni mamoja. Kwa hiyo hata nikijaza deklaresheni kwa uaminifu wa kanisani, ofisa anayesoma kule upande wa pili haoni kile ambacho sheria yake inataka akione. Na taarifa za biashara zinazopelekwa Geneva zinatokana na namba hizohizo.

Geneva kuna watu wanaliona hili. Novemba 2020 Fiji na China walianzisha mazungumzo ndani ya Shirika la Biashara Duniani, WTO, kuhusu biashara na uchafuzi wa plastiki. Februari 2024 kule Abu Dhabi wanachama zaidi ya 70 walitoa tamko: tupeane taarifa za hatua tulizochukua, tuboreshe takwimu za mipakani, tusaidie bidhaa mbadala zipite kwa urahisi. Ni tamko, halimfungi mtu. Mkataba wenye meno ni ule wa plastiki ambao nchi za Umoja wa Mataifa zilikubali kuuandika pale Nairobi Machi 2022. Wamekaa Busan mwishoni mwa 2024, wamekaa Geneva Agosti 2025, wameondoka mikono mitupu mara zote mbili. Wenye mafuta na viwanda hawataki uzalishaji uguswe.

Swali langu kwenu watu wa nyanda za juu: tukiwasubiri hao, tutasubiri mpaka lini? Na sisi wenyewe, Tunduma na Nakonde, Kasumulu na Songwe, tungeanza na kitu gani kimoja? Mimi nasema kipimo. Kipimo kimoja, kifaa kimoja, pande zote mbili. Nawasilisha.

Mpita Njia 2

Nimekaa siti ya mbele, wa karanga apite huku.

Dereva wa Tanzam

Mzee umegusa mifuko tu. Mimi napakia Dar nashusha Lusaka. Friji, televisheni, godoro, kila kitu kimevikwa nailoni, ndani yake yale mapovu meupe yanayopukutika vidonge vidonge. Karatasi inasema friji 200. Nailoni haijaandikwa popote. Tukimaliza kushusha, nyuma ya ghala kunabaki kilima. Hiyo nayo si imevuka mpaka?

Mzee wa Manifesti

@Dereva wa Tanzam imevuka, tena bila kuhesabiwa. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, wanasema biashara ya plastiki duniani inapita dola trilioni 1 kwa mwaka, lakini nailoni inayoingia imevaliwa na bidhaa nyingine kuipata kwenye takwimu ni shida, kwa sababu forodha inaandika kilichomo, haiandiki kilichovaliwa. Mimi mwenyewe nimejaza makaratasi ya friji mara ngapi, sijawahi kuulizwa nguo zake.

Uyole Original

Mnajichosha. Plastiki nani anaitengeneza? China ilikuwa inapokea takataka za Wazungu, ilipofunga mlango Januari 2018 zikahamia Malaysia, Thailand na Vietnam. Marekani alisaini mkataba wa Basel wa takataka mwaka 1990, mpaka leo hajauridhia. Mwaka 2020, Kenya wanazungumza naye mkataba wa biashara, chama cha viwanda vya kemikali vya huko kwao kiliandika barua serikalini kwao kikiona Kenya iwe lango la kuingizia kemikali na plastiki zao Afrika. Kenya hiyohiyo iliyopiga marufuku mifuko 2017! Huo ndio "ushirikiano wa kibiashara" mnaoutafuta. Kirambo cha mama ntilie ndicho mmekiona.

Mzee wa Manifesti

@Uyole Original hoja ya barua naikubali, ndiyo maana nasema mikataba ya biashara isomwe na watu wa mazingira kabla ya kalamu. Ila mkuu, kile kiroba cha bluu hakikuletwa na Mmarekani. Kililetwa na kijana anayeongea Kinyamwanga, anakwenda kumuuzia binamu yake.

Uyole Original

Sawa, lakini rangi ya bluu alipewa na kiwanda.

Mama Makopo wa Nzovwe

Habari zenu kaka zangu. Mimi nanunua makopo, chupa za maji na soda, vijana wanaokota wananiletea kwa kilo, najaza salfeti, lori linalorudi Dar tupu linachukua. Naomba niwaambie kitu kuhusu bei. Bei ya makopo haipangwi Mbeya wala haipangwi Dar. Mafuta yakishuka duniani, plastiki mpya inakuwa rahisi, kiwanda kinaniambia "mama, wiki hii tusubiri". Vijana wangu hawajui mambo ya mafuta, wanadhani nimewapunja. Kuna mwezi bei ya kilo haikufika chai na maandazi mawili, makopo yakajaa mtoni tena kama mvua ya kwanza, kwa sababu hakuna wa kuinama kuyaokota.

Swali langu: shemeji yangu yuko Nakonde, ana makopo mengi, kule kwake hana pa kuuza karibu. Dar ndiko kwenye soko. Kwa nini nisiyachukue? Niliuliza nikaambiwa ni takataka, hazivuki. Sasa rambo linavuka likiwa jipya, kopo la kulipunguzia mto uchafu halivuki?

Mzee wa Manifesti

@Mama Makopo dada yangu, hili swali lako ni zito kuliko uzi wangu.

Kuna mkataba wa Basel wa takataka zinazovuka mipaka. Sisi tumo, Zambia wamo, Malawi wamo. Mei 2019 waliuongezea plastiki, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2021. Kwa ufupi mafungu ni matatu. Plastiki yenye sumu, fungu lake kali. Plastiki iliyochanganyika na kuchafuka, ile ina mafuta ya kula, udongo, nepi humohumo, haivuki mpaka nchi inayopokea iridhie kwanza kwa maandishi, na nchi inakopitia nayo iridhie. Fungu la tatu ni plastiki ya aina moja, iliyochambuliwa, safi, inayokwenda kurejelezwa kweli. Hiyo Basel haiidai ridhaa ya namna ile. Makopo ya shemeji yako, yakiwa yameoshwa, yamevuliwa vifuniko na lebo, ya aina moja, yanakaribia fungu hilo. Bado kuna vibali vya kwetu hapa na vya kwao kule, usipakie kwa kunisikiliza mimi. Lakini aliyekuambia "hazivuki" alikujibu kwa mkato.

Kisheria, dada, tofauti ya takataka na malighafi hapo ni maji ya kuoshea na mikono ya kuchambua.

Mama Makopo wa Nzovwe

Maji ya kuoshea nani ananilipia kaka? Bili yangu si ya kiwanda.

Mzee wa Manifesti

Hapo umenikamata.

Kyusa wa Kiwira

Ugonile wakuu. Nalima parachichi Rungwe, Hass, tunauza kwa kikundi kwa mnunuzi anayesafirisha Ulaya. Nataka kuwaonyesha namna sheria ya mbali inavyoweza kugusa kitu kidogo kuliko ukucha. Ile stika ndogo inayobandikwa kwenye tunda, mnaifahamu? Ni plastiki. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni mpya ya vifungashio, ilianza kuwa sheria Februari 2025, na humo imeandikwa kwamba ifikapo Februari 2028 stika za kwenye matunda na mboga ziwe za kuozeka kama mboji. Kuanzia 2030, matunda na mboga mbichi chini ya kilo moja na nusu kufungashwa kwenye plastiki ya kutumia mara moja marufuku, ukiacha vighairi vichache.

Tuliposikia, mzee mmoja kwenye kikundi akacheka, "Mzungu ameacha kuangalia parachichi, anaangalia kibandiko chake." Lakini mimi sikucheka sana. Stika ya kuozeka inatengenezwa wapi hapa nchini? Nani ataithibitisha kwamba inaozeka? Tukiiagiza kutoka kwao, mkulima ndiye ataikatwa kwenye bei ya kilo, mnajua. Wao wanaita mazingira, kwenye daftari langu itaandikwa makato.

Ushirikiano ningeuona hapo: uwape watu muda, uwape na maabara. Siku mbwa wa maabara akiwa Ulaya peke yake, sisi tutabaki kubweka.

Mpita Njia 2

Mbwa wa maabara?? 😂 Ndaga fijo mkuu, nimeelewa.

Mhehe wa Mgololo

Kamwene wakuu. Nimesoma uzi wote nasubiri mtu aseme karatasi, naona mnazunguka. Mufindi tuna misitu ya misindano mpaka macho yanachoka, na Mgololo kuna kiwanda cha karatasi nzito, ile ya kahawia ya magunia. Iringa hii mianzi inatoa ulanzi jioni na matenga asubuhi. Nyanya za Ilula zilisafiri kwenye matenga miaka na miaka kabla ya kreti za plastiki.

Sasa sikia. UNCTAD mwaka 2025 walitoa hesabu: ushuru wa wastani duniani kwa bidhaa za plastiki na mpira umeshuka ndani ya miaka 30 kutoka asilimia 34 hadi 7.2. Bidhaa mbadala, karatasi, mianzi, nyuzi za asili, ushuru wake wa wastani ni asilimia 14.4. Yaani mwanzi unalipa mara mbili ya nailoni mlangoni. Halafu tunashangaa nailoni inashinda sokoni. Kipimo chako Mzee wa Manifesti nakiheshimu, lakini ungeanza na huo ushuru. Kinachochafua kimefunguliwa geti, kinachooza kinasimama foleni.

Kyusa wa Kiwira

@Mhehe wa Mgololo karatasi yako ije Tukuyu mwezi wa nne tuione. Ukitoka sokoni na nusu kilo ya nyama kwenye bahasha, unafika nyumbani umeshika mpini tu.

Mhehe wa Mgololo

Ndiyo maana nimetaja tenga.

Mama Makopo wa Nzovwe

Tenga la nusu kilo ya nyama? Wanaume mkienda sokoni mara moja kwa mwaka mnakuja na mawazo. Kikapu cha ukindu kipo, mama zetu walikuwa nacho, cha Kyela kile, hakijawahi kuingia kwenye mkataba wowote.

Mvuvi wa Matema

Natoka ziwani, mtandao wa kubahatisha, nitasema moja.

Mnakumbuka viroba? Si magunia, vile vya pombe kali. Zambia walivipiga marufuku vyao, tujilijili, mwaka 2012. Sisi wakati huo tulikuwa bado tunavitengeneza na kuviuza, mpaka tarehe 1 Machi 2017 ndipo tukafunga. Miaka mitano katikati, pakiti zetu zilikuwa halali kwetu na haramu kwa jirani. Hakuna Mtanzania aliyefungua uzi kuuliza zinavukaje. Leo rambo linatoka kwao kuja kwetu tunalia. Mzee wa Manifesti usiniudhikie, wewe ulikuwepo mpakani.

Huku Ziwa Nyasa hatuna mpaka wa kuuona kwa macho. Kiwira inashuka na vya Tukuyu, Songwe inashuka na vya pande zote mbili. Ukivuta wavu wa usipa baada ya mvua unachambua: usipa huku, kifuko huku, kiatu kimoja huku. Kifuko hakina lebo ya nchi. Ziwa ni letu, Malawi na Msumbiji, na wavu unachanika vilevile.

Mzee wa Manifesti

@Mvuvi wa Matema siudhiki. Nilikuwepo. Zilivuka kwenye viatu, kwenye matairi ya akiba, kwenye ndoo za mafuta ya alizeti. Tuliita biashara.

Dereva wa Tanzam

Mimi kuhusu wadogo. Yule kijana wa bodaboda, hata angekuwa anavusha vikapu angepita kichochoroni. Wenzetu Zambia na Malawi wako COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, wana utaratibu mwepesi wa wafanyabiashara wadogo, karatasi moja mzigo unapita. Sisi tulijitoa COMESA mwaka 2000. Mtu wa ndoo tatu za bidhaa anaona kwenda getini ni kesi. Akishazoea njia ya panya, atapitisha huko halali na haramu, hatofautishi tena.

Mzee wa Manifesti

@Dereva wa Tanzam hilo nalichukua. Yule mama wa Mwanjelwa ndiyo somo lake kabisa.

Nimerudi na mrejesho wakuu. Jana nilikwenda Mbeya mjini, nikapita kwa fundi wa mashine shopu, wale wanaochonga kranki, kwa sababu wao wana maikromita, kifaa cha kupimia unene. Nilikuwa na kifuko kimoja cha bluu, nilikiokota pale kichochoroni, nimekificha kwenye soksi kwa sababu kisheria nikikutwa nacho ni sh 30,000 na kuendelea. Fundi akaniangalia kama nimeleta ugonjwa. Akakata upande mmoja, akaukunja mara tatu ukawa tabaka nane, akabana. Milimita 0.15. Gawa kwa nane: kama maikroni 19.

Zambia wanakataza chini ya 30. Malawi chini ya 60. Sisi tunakataza wote.

Nilipofungua uzi niliandika kwamba ukivuka Nakonde si kosa. Ni kosa. Kile kifuko hakina nchi hata moja kati ya hizi tatu kinakoruhusiwa kuuzwa, na mpaka huu nimekaa miaka yote hii sijamwona ofisa wa upande wowote akikibana kwenye kifaa cha fundi wa kranki. Nimemuuliza fundi anauza bei gani maikromita ya mtumba. Kasema nirudi Jumatatu.

Mods, naomba mnibadilishie kichwa cha uzi.

Mpita Njia 2

Kabla hawajabadilisha: kifuko umekirudisha wapi mkuu?

Mzee wa Manifesti

Kipo kwenye soksi.

Mama Makopo wa Nzovwe

Lete Nzovwe. Cha bluu sinunui, ila nitakuchambulia bure.